Tulipokuwa Tukichagua Nchi

Miaka ile ubishi wetu ulikuwa mmoja: nchi gani ina skii bora? Mkenya wa Eldoret aliyekuwa akisoma Innsbruck aliapa kwa Austria. Mzanzibari aliyefanya kazi hotelini Davos hakutaka kusikia nchi nyingine ila Uswisi, ingawa mwenyewe aliteleza kwa nadra, maana siku nzuri za wageni kuteleza ndizo zilizokuwa siku zake za kutandika vitanda. Mimi, kijana wa Kibosho niliyepelekwa Norway kusomea misitu, nilikuwa na Norway yangu. Tukikutana sikukuu, kwa huyu au kwa yule, tunapika pilau kwa mchele wa boksi usionukia, na kabla sahani hazijatolewa mezani ubishi umeshapamba moto. Vigezo tulikuwa navyo: theluji, miteremko, chakula, bei, na namna wenyeji wanavyokutazama ukianguka. Kama theluji itakuwepo au haitakuwepo, hakuna aliyeuliza. Hilo lilikuwa la Mungu na la mwezi wa Desemba.

Leo ndilo swali la kwanza, na mara nyingine ndilo swali pekee.

Nianze na Norway, kwa kuwa ndiko nilikovalishwa mbao kwa mara ya kwanza. Skii ya kule, ile ya watu wa kawaida, haihusu kushuka mlima kwa kasi huku umejikunja. Ni ya kwenda safari: msituni, juu ya ziwa lililoganda, kupanda kilima na kushukia upande wa pili, mbao nyembamba, kisigino kikiwa huru. Ås, nilikosoma, ni kusini kidogo ya Oslo, mashamba na misonobari. Chakula cha jioni kikiisha, mwenzangu wa bwenini huchungulia kipimajoto cha dirishani, kisha hufungua kisanduku chake cha nta. Kijani kwa baridi kali, bluu kwa baridi ya kawaida, zambarau ikikaribia sifuri, nyekundu ikizidi sifuri kidogo, na kwa theluji iliyolowa kuna nta laini ya kwenye tyubu ambayo hunata kila mahali, nguo na nywele zikiwemo. Unapaka katikati ya ubao, chini ya unyayo, unasugua kwa kizibo mpaka ing'ae. Ukikosea rangi, ama unarudi nyuma kila ukijaribu kupanda, ama theluji inaganda chini ya ubao na unajikuta umevaa viatu vya mchuchumio. Basi tunatoka, saa mbili usiku, kwenye njia iliyowekewa taa za umma. Hapana tiketi, hapana geti. Bibi wa miaka sabini anakupita, anakusalimu kwa neno moja, anapotea mbele.

Wanorway wanaiona skii kuwa yao, na wana haki. Sondre Norheim, mkulima maskini wa Morgedal katika jimbo la Telemark, ndiye aliyesifika katika karne ya 19 kwa kufunga vijiti vilivyosokotwa nyuma ya kisigino, mguu ukaushika ubao vizuri, mtu akaweza kuruka na kukata kona. Mwaka 1884 alihamia Marekani kutafuta maisha, na akafia North Dakota mwaka 1897, kwenye nyanda ambako hakuna hata pa kuteremkia. Habari hiyo hunisikitisha kuliko inavyostahili.

Nilirudi Ås Januari moja ya miaka ya karibuni. Njia ipo, taa zinawaka. Chini yake palikuwa na matope na majani makavu, na vijana wakikimbia kwa raba. Norway haijaishiwa theluji. Ukipanda kwenye milima ya katikati ya nchi, au ukienda kaskazini, utaikuta ya kukuzika. Lakini nyanda za chini karibu na Oslo, walikojifunzia watoto wengi wa nchi ile, zimekuwa na theluji ya kubahatisha: inaanguka, inanyeshewa mvua, inakwenda zake. Watu hufungua ramani kwenye simu kuangalia njia ipi imeandaliwa leo, na pengine iliyoandaliwa ni duara fupi la theluji ya mashine ambalo mtaa mzima unalizunguka.

Halafu kuna lile jambo la Dubai. Ski Dubai ilipofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jumba la maduka, na mteremko wake wa mita 400 jangwani, tulicheka sana. Yule Mzanzibari alikuwa amekwishahamia kwa ndugu zake wa Muscat, akawa anawapeleka wanawe Dubai kuteleza na kututumia picha: watoto wamevaa makoti ya kukodi, nje joto la nyuzi 40. Tukamwambia amepotea, kwamba mtu aliyeishi Davos hawezi kumfundisha mwanawe skii mlango wa pili kutoka duka la viatu. Akatujibu kwa upole wa kwao, "Nyinyi chekeni tu."

Januari 2020 Norway, nchi ya Sondre Norheim, ikafungua jumba lake la skii, SNØ, huko Lørenskog, pembeni ya Oslo. Nimeingia. Unalipa, unapitisha kadi kwenye kizuizi, unapokelewa na harufu ya mpira uliolowa, na njia ya skii za msituni imezungushwa juu kwa juu, chini ya paa, wazee wa Oslo wakiizunguka kwa nidhamu ile ile niliyoijua zamani. Theluji ni safi, siwezi kuisema vibaya. Nta huna haja ya kuifikiria, maana baridi ya humo ni ile ile Januari na Julai. Nilimpigia Mzanzibari simu nikiwa kwenye maegesho ya magari. Alicheka mpaka akakohoa.

Austria ya miaka ya 80 ilistahili kupendwa. Vijiji vya Tirol vilikuwa vijiji kwanza, skii ikaja baadaye: kanisa, zizi la ng'ombe, nyumba ya wageni yenye jiko kubwa la vigae, na mlima unaoanzia nyuma ya zizi. Mwalimu wako wa skii ni mkulima ambaye kiangazi hukata majani ya ng'ombe kwenye mteremko huo huo. Huko St. Anton ndiko Hannes Schneider alikoanza kuwapanga wanafunzi kwa madaraja na kuwafundisha kuinama na kugeuka hatua kwa hatua, na mtindo wake wa Arlberg ukaenea duniani. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 walimtia ndani. Mwaka uliofuata akafika North Conway, New Hampshire, na Wamarekani wakampata mwalimu huyo kwa njia ya aibu kama ile.

Kupanda mlima kulikuwa kazi yenyewe. Kamba inapita juu, inaning'iniza chuma chenye umbo la nanga, mnagawana watu wawili, kila mmoja na upande wake, kinawasukuma makalioni huku mbao zenu zikiburuzika kwenye theluji. Asiyekijua hukikalia. Akikikalia, mnaanguka wote, na waliopanda nyuma yenu wanawajia mkiwa bado mnatafutana miguu. Mkenya wangu alimwangusha hivyo mzee mmoja wa Vienna, wakaokotana, wakaenda kunywa chai, na urafiki wao ulidumu mpaka mzee alipofariki. Siku hizi unakaa kwenye kiti cha ngozi chenye joto, kifuniko cha plastiki kinashuka, kila mtu anatoa simu yake. Haanguki mtu, na majina hamuulizani.

Shida ya Austria ni kwamba uzuri wake uko chini. Kitzbühel, yenye mashindano ya Hahnenkamm tangu mwaka 1931, mji wenyewe uko kwenye mita 760 hivi juu ya bahari. Sisi Ufaransa tuliiweka mwisho kwenye orodha bila mjadala, kwa sababu ya sura. Miaka ya 1960 na 1970 Wafaransa walipanda mpaka kwenye malisho ya kondoo, juu ya mstari wa miti, wakamimina zege. Val Thorens iko mita 2,300: majumba marefu, vyumba vya watu wanne vyenye nafasi ya mtu mmoja, korido zinazonuka jibini iliyoyeyushwa. Tulisema hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipa kulala mle.

Sasa orodha imepinduka. Majumba yale mabaya yana theluji, na vijiji vile vizuri, baadhi ya majira, vina utepe mweupe uliotandazwa juu ya majani ya kahawia, upana wa barabara, na watu mia wanaushuka kwa foleni. Utepe huo ni kazi ya mashine. Maji husukumwa kwa nguvu pamoja na hewa iliyogandamizwa, yakarushwa matone madogo sana yanayoganda kabla ya kutua. Ni lazima kuwe na baridi, na afadhali hewa iwe kavu. Usiku ukiwa na joto mashine zinasimama kama mashahidi. Ndiyo maana milimani kumechimbwa mabwawa, na hesabu ya umeme imekuwa sehemu ya bei ya tiketi. Theluji yenyewe ni punje ngumu za mviringo. Inadumu kuliko ile ya mbinguni, na ukiangukia nyonga utaikumbuka.

Wapo wazee wa Innsbruck wanaonikatalia nikianza kulalamika. Wananikumbusha Olimpiki ya 1964, hapo hapo mjini kwao, theluji ilipogoma kuanguka na jeshi la Austria likachonga vipande 20,000 vya barafu milimani na kuvishusha kwa ajili ya njia za magari ya barafu, pamoja na mita za ujazo 40,000 za theluji kwa miteremko. Ni kweli, mwaka mbaya ulikuwepo hata zamani. Ila ulihadithiwa miaka sitini kwa sababu haukuwa na wenzake wengi.

Kazi iliponihamishia Lyon nilijikuta mlangoni pa Ufaransa niliyoidharau, na mahali nilipoapa kutokwenda ndipo nikawa mwenyeji. Nisemee Chamonix zaidi ya kwingine. Hapo ndipo ilipofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924, na hapo kuna mteremko ambao hata Mkenya wangu aliuvulia kofia. Unapandishwa na gari la kamba mpaka Aiguille du Midi, mita 3,842, unatoka kwa handaki la barafu, unashuka ukingo mwembamba ukiwa umefungwa kamba, mbao mkononi, pembeni pana shimo la kutosha kukukumbusha sala zako. Kisha unavaa mbao na kuteremka Vallée Blanche, kilomita kama 20, juu ya mito ya barafu, hakuna nguzo wala uzio. Mwaka wenye theluji unafika mpaka mjini.

Mwaka usio na theluji unaishia Montenvers, na pale ndipo pa kutazama kwa makini. Reli ndogo ya meno ilianza kupandisha watalii Montenvers mwanzoni mwa karne ya 20 waone Mer de Glace, mto mkubwa wa barafu wa Ufaransa. Picha za zamani zinaonyesha mabibi wenye kofia pana wakitoka kwenye treni na kuikuta barafu mbele yao, karibu usawa wa macho. Ilipozama, mwaka 1988 wakajenga gari la kamba la kuwashusha. Ilipozidi kuzama, wakaongeza ngazi za chuma chini ya gari la kamba. Kila majira wakaongeza nyingine, mpaka zikapita 500. Ukizishuka unakutana na vibao vidogo vilivyopigiliwa kwenye mwamba, kila kimoja na mwaka wake, kuonyesha barafu ilikuwa imefika wapi. Katika kibao cha 1990 watu bado wana pumzi na wanapiga picha. Cha 2001 kiko chini kabisa ya hapo, cha 2010 chini zaidi, na kati ya kimoja na kingine unapanda au kushuka kimo cha nyumba ya ghorofa. Mwamba wenyewe umelainishwa na barafu iliyoukwangua, hauna hata kuvu. Mtoto mmoja mbele yangu alimuuliza mama yake kibao cha mwaka wake wa kuzaliwa kiko wapi. Kilikuwa juu yetu.

Baada ya kuteremka kilomita zote zile kwa raha, unafika hapo, unabeba mbao begani, unapanda ngazi hizo kwa viatu vigumu vya plastiki visivyokunjika kifundoni. Nilipokuwa kijana zilikuwa chache na niliziona kero. Mwaka 2024 wakafungua gari la kamba jingine, juu zaidi bondeni, kuifuata barafu ilikokimbilia.

Uswisi nitaisemea kwa ufupi kwa kuwa mtetezi wake amehamia Ghuba. Treni zinafika kwa dakika, zinakushusha miguuni pa mlima, na bei ya supu inakufanya uile polepole. Zermatt walizoea kuteleza siku zote za mwaka kwenye barafu ya Theodul. Mwishoni mwa Julai 2022 wakasimamisha skii ya kiangazi kwa sababu ya joto.

Binti yangu hatelezi kwa mbao mbili. Anatumia snoubodi, na hilo peke yake lilikuwa mtihani nyumbani. Wazee wa skii wa rika langu waliwaona vijana wa ubao mmoja kuwa wahuni: wamekaa katikati ya mteremko kama kuku wanaoatamia, suruali zimeteremka, hawampishi mtu. Ubao wenyewe ulianza kama mchezo wa nyumbani. Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan, aliunganisha mbao mbili za skii kwa ajili ya watoto wake mwaka 1965. Jake Burton Carpenter akaanza kutengeneza za kwake Vermont mwaka 1977. Na milima mingi ya Marekani iliwapiga marufuku mpaka miaka ya 80. Alta, kule Utah, wanawakataa hadi leo. Mwaka 1998 Nagano ikauingiza kwenye Olimpiki, na mshindi wa kwanza, Ross Rebagliati wa Canada, akanyang'anywa medali kwa sababu ya bangi kisha akarudishiwa. Wazee walisema, si tuliwaambia?

Mimi Nagano naikumbuka kwa jambo jingine. Philip Boit wa Eldoret alishiriki kilomita 10 za skii ya msituni, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya baridi, akafika wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda. Dæhlie akakataa kwenda kuchukua medali kabla ya kumngoja na kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Simu yangu na ya Mkenya wa Innsbruck zilikuwa zikipigiana kwa wakati mmoja, na kwa mara ya kwanza alikiri kuwa Norway ina watu.

Binti anashikilia Japani. Hoja yake ni ya kijiografia na sina jibu. Upepo mkavu wa Siberia unavuka bahari iliyo kati ya bara na visiwa, unanyonya unyevu, unagonga milima ya Hokkaido na kumwaga theluji nyepesi usiku hadi usiku. Aliyemletea Mjapani skii ni afisa wa jeshi wa Austria na Hungaria, Theodor von Lerch, aliyewafundisha askari wa Takada mwaka 1911. Miaka ya 80 Wajapani walijaa milimani kwa mamilioni, uchumi ukapasuka, vituo vingi vikafungwa, vikaachwa na nyaya zao. Niseko ikaokolewa na wageni, Waaustralia wakitangulia, na sasa bei zake zinaifukuzia Ulaya. Marekani nayo binti ameikataa kwa sababu ya bei tu: Vail, ukinunua tiketi ya siku moja dirishani siku za msongamano, inapita dola 300, ili ujutie kutonunua pasi ya msimu mapema.

Nilimuuliza mara moja, mezani, kama asingependa kuwa na nchi yake, kama tulivyokuwa sisi.

"Baba," akasema, "nyinyi mlikuwa mnachagua nchi. Sisi tunachagua wiki."

Hanunui tiketi mpaka utabiri wa siku kumi utoke. Begi lake linakaa limefungwa nyuma ya mlango.

Zipo nchi zilizotoka kabisa kwenye ubishi. Bolivia ilikuwa na Chacaltaya, juu ya La Paz, zaidi ya mita 5,000, mteremko wa skii uliokuwa juu kuliko yote duniani. Barafu yake ilikwisha mwaka 2009 na mashine ya kuvutia watu ikabaki haina cha kuvutia. Tanzania nayo nilikuwa nikiitia kwenye ubishi wa pilau, kuwanyamazisha wenzangu: mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kilimanjaro na mbao zao, wakateleza kule juu. Mkenya alikuwa akisema ni uongo wa Wachagga. Barafu iliyopewa jina la Furtwängler bado imo kreta ya Kibo, kipande kinachopungua, na sasa hoja yangu haimkasirishi mtu.

Mkenya wa Innsbruck peke yake hajabadili nchi. Kila Februari huenda kwenye nyumba ile ile ya wageni, kijiji cha chini kabisa karibu na Innsbruck, kwa mama yule yule, na hulipa Oktoba, fedha zisizorudishwa. Nilimwambia mwaka huu angoje utabiri, au twende Val Thorens kwenye zege. Hakutaka. Ameshalipa, na mama mwenye nyumba amemjibu kwa barua pepe kwamba chumba kipo, jiko la vigae linafanya kazi, na tafadhali aje na viatu vya kutembelea.